Mkuki na Jembe katika Kumbukumbu za Majimaji

Tarehe 27 Februari ya kila mwaka watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, mjini Songea, kuwakumbuka wazee wao walionyongwa na serikali ya Kidachi katika mwaka wa 1906. Gwaride hupigwa, viongozi wa dini huomba dua kila mmoja kwa namna yake, ngoma za Kingoni huchezwa, na silaha za jadi pamoja na mashada ya maua huwekwa penye makaburi. Wanaokumbukwa ni 67. Sitini na sita kati yao walizikwa katika kaburi moja la pamoja. Wa sitini na saba, Nduna Songea Mbano, ambaye alinyongwa baada ya wenzake, ana kaburi lake peke yake, na wajukuu zake husema kwamba mwili uliolazwa humo hauna kichwa, kwa sababu kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Makumbusho hayo yalifunguliwa katika mwaka wa 1980, na baadaye yakatiwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Uwanjani zimesimama sanamu za viongozi wa Kingoni wa wakati ule. Ndani zimewekwa silaha, vyombo na picha. Lakini nguvu ya mahali pale haimo katika vitu vilivyopangwa kabatini. Imo katika kazi inayofanywa kuvizunguka vitu hivyo: wanafunzi huletwa wakasimuliwa habari za vita, wazee huitwa waseme, midahalo hufanywa, na siku za kumbukumbu zenyewe zimeungana na maonyesho ya utamaduni hata mji mzima ukahusika. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wadachi. Jambo kubwa namna hiyo halikuweza kutendeka penginepo ila mahali ambapo palikuwa na kaburi linalojulikana, ukoo unaojulikana, na watu waliokwisha kuzoea kwa miaka mingi kusimama mbele ya kaburi lile na kutaja majina.

Yafaa kuuliza majina hayo na tarehe hiyo vilipatikanaje. Havikuhifadhiwa na kumbukumbu za wazee peke yake. Serikali ya Kidachi iliwanyonga watu wale hadharani, kwa hukumu, mbele ya boma lake, kwa kuwa ilitaka ionekane na kuogopwa. Na padri Mbenediktini aliyewaendea gerezani akabatiza baadhi yao kabla ya kufa, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, naye aliandika aliyoyatenda na kuyaona. Basi siku ile iliingia katika karatasi ya mshindi kabla haijaingia katika kalenda ya wajukuu wa walioshindwa. Hilo halipunguzi heshima ya siku hiyo hata kidogo. Lakini laonyesha kwamba kumbukumbu za vita aghalabu huota mizizi pale ambapo adui mwenyewe aliacha alama, na kwamba mahali ambapo adui hakujishughulisha kuandika, watu wanaweza kufa kwa maelfu pasiwe na siku ya kuwakumbuka.

Mahali pa namna hiyo ni Uzaramo, yaani nchi ya Kisarawe na Kibaha na majirani zake.

Msomaji aliyezoea kusikia Majimaji ikitajwa pamoja na Songea huenda akashangaa kukumbushwa kwamba vita hivyo vilizaliwa kaskazini ya huko, karibu na pwani. Ngarambe, alikokaa Kinjikitile Ngwale na kugawa dawa yake tangu mwaka wa 1904, ni katika Rufiji. Mohoro, aliponyongwa Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905, ni katika Rufiji vilevile. Rufiji ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na makao makuu ya mkoa huo ni Kibaha. Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, ambako wazee waling'oa miche ya pamba katika Julai 1905 kuwa ni ishara ya kuanza vita, ni upande wa Kilwa. Kwa hiyo mkoa ambao mganga mwenyewe aliishi na kufa ndani yake ndio mkoa usiokuwa na makumbusho ya vita vile, na wasomi wa Kibaha wakitaka kuwaonyesha wanafunzi wao jumba la Majimaji hawana budi kusafiri siku nzima na zaidi kuelekea kusini.

Dawa ilivuka Rufiji ikaingia Uzaramo ya kusini katika Agosti 1905. Mambo yaliyowatayarisha watu kuipokea yalikuwa yamekwisha kuiva. Tangu mwaka wa 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa imeanzisha mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, na wilaya ya Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza kujaribiwa. Kila mtu mzima alitakiwa kulima kwa zamu. Mapato yalipouzwa yaligawanywa mafungu matatu, moja la wafanyakazi, moja la jumbe, moja la halmashauri ya wilaya. Na fungu la wafanyakazi, likigawanywa tena kwa vichwa, lilikuwa dogo hata wengine wakakataa kulipokea. Kukataa mshahara ni neno zito kwa watu maskini. Aliyeudhiwa na mshahara mdogo huupokea kwa manung'uniko. Anayeukataa anasema kwamba kazi yenyewe haikuwa kazi ila utumwa.

Katika majumbe wa Uzaramo waliosimama upande wa watu, jina linalotajwa hata leo ni Kibasila wa Kisangire. Wadachi walimnyonga. Jina lake limebaki katika shule ya sekondari ya Kibasila iliyoko Temeke, Dar es Salaam, na maelfu ya vijana wamelivaa kifuani katika sare zao. Ni kumbukumbu nzuri kwa namna yake, tena ya kudumu kuliko sanamu nyingi. Ila ni kumbukumbu isiyo na siku, na mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne pale akidhani Kibasila ni jina la mtaa.

Tena, katika nchi hii hii, wako waliokufa vitani ambao wanazo siku zao. Watawa wa Kibenediktini wa St. Ottilien walijenga misheni yao ya kwanza ya Afrika ya Mashariki pale Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, katika mwaka wa 1888. Tarehe 13 Januari 1889, vita vya Abushiri vilipokuwa vikali, misheni ilishambuliwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakatekwa. Majina yao yanajulikana, saa zao za mwisho zimesimuliwa, na shirika lao halikuwasahau. Hapana ubaya wowote katika hilo. Wala msomaji asidhani kwamba jambo hili limetajwa ili kupima damu ya huyu kwa damu ya yule. Limetajwa kwa kuwa linaonyesha waziwazi jinsi mambo yanavyokwenda: shirika lenye vitabu huwakumbuka wafu wake kwa tarehe, kijiji kisicho na vitabu huwakumbuka kwa majira, kwa njaa fulani, kwa jina alilopewa mtoto aliyezaliwa mwaka ule, na watoto hao wakiisha kufa, majira hayo hupotea pamoja nao.

Tazama pia hesabu. Serikali ya Kidachi ilihesabu wafu wa upande wake katika Majimaji kwa uangalifu mkubwa: Wazungu 15, na askari Waafrika 389. Kwa upande wa wenyeji ilitoa makadirio ya watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyechunguza vita hivyo katika miaka ya 1960 kwa kuwauliza wazee wenyewe, aliona kwamba idadi hiyo ni ndogo mno, akakadiria watu kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti baina ya makadirio hayo mawili ni kubwa kuliko idadi ya watu wa miji mingi, na tofauti hiyo yote ni watu ambao hakuna aliyewahesabu. Hapana shaka wengi wao hawakufa kwa risasi. Kapteni Wangenheim, mmoja wa maofisa wa Kidachi, aliandika katika mwaka wa 1905 kwamba ni njaa na uhitaji tu vitakavyowaleta watu katika utii wa mwisho. Na jeshi lake likafuata shauri hilo, likachoma vijiji, likachukua au kuteketeza nafaka, likawazuia watu kupanda. Njaa iliendelea hata mwaka wa 1907. Aliyekufa kwa risasi aliangukia mahali, na wenzake waliona. Aliyekufa kwa njaa alikufa njiani akitafuta mizizi, au nyumbani baada ya kumpa mtoto chakula cha mwisho, na kifo chake hakikufanana na vita.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kumbukumbu za vita, jinsi zilivyozoeleka Tanzania, zimejengwa juu ya shujaa mwenye silaha. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ambayo kwa miaka mingi iliadhimishwa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na katika miaka ya karibuni Dodoma pia, vitu vinavyowekwa penye mnara ni mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, na mashada ya maua. Ni vitu vya heshima, na kila mmoja anajua maana yake. Kwa askari waliozikwa Kaboya, Muleba, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vyafaa kabisa: watu wale walikwenda vitani kwa amri, wakafa kiaskari, wakazikwa safu kwa safu. Kwa Songea vyafaa pia, maana Wangoni walikuwa na desturi ya vita, na manduna walinyongwa kwa kuwa walikuwa viongozi wa vita. Lakini kwa Uzaramo?

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika katika mwaka wa 1997 juu ya Majimaji katika Uzaramo, na maneno yake yanastahili kuzingatiwa na kila anayepanga kumbukumbu katika Kisarawe au Kibaha. Kwa maoni yake, ukitaka kuelewa vita katika Uzaramo usianze na mapigano, anza na shamba. Miaka iliyotangulia 1905 wanaume wengi walikuwa wameondoka vijijini kwa kazi ya mshahara au kwa kuikimbia kodi. Na katika mwaka huo huo wa 1905 ujenzi wa reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ulikuwa umeanza, nao ulihitaji mikono mingi. Wanawake walibaki na mashamba. Nguruwe mwitu wakazidi, na sheria mpya za uwindaji ziliwazuia watu kuwawinda kwa namna walizozizoea, na baadhi ya misitu ikaanza kufungwa kuwa mali ya serikali. Shamba lisilo na wanaume wa kulilinda usiku, nguruwe akaruhusiwa na sheria kula, na juu ya hayo zamu ya pamba: basi njaa ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani kabla ya bunduki ya kwanza kulia.

Wakosoaji wanaweza kusema kwamba maelezo hayo yanapunguza ushujaa wa Wazaramo, kana kwamba waliinuka kwa sababu ya nguruwe. Wanaosema hivyo hawajapata kulinda shamba la mpunga usiku. Kwa mkulima nguruwe si jambo la kuchekesha. Aweza kuila kazi ya miezi mitano kwa usiku mmoja, na serikali inayomlinda nguruwe dhidi ya mwenye shamba imekwisha kutangaza vita. Tena dawa yenyewe yathibitisha hivyo. Maji yaliyogawiwa kutoka Ngarambe yalichanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Baadhi ya taarifa za wakati ule husema kwamba watu waliahidiwa kinga ya mashamba na mazao mema pamoja na kinga ya risasi. Mtu asiyetazama ila risasi zinazogeuka maji huona ushirikina. Mtu anayeitazama mbegu ya mtama ndani ya kile kibuyu huona wakulima wanaotaka kulima chakula chao.

Wanawake ndio waliochukua mzigo mkubwa wa historia hiyo, nao ndio wasioonekana katika kumbukumbu. Songea angalau pana jina la Mkomanile, mwanamke kiongozi ambaye kwa mkono wake dawa ya maji iliingia Ungoni, na siku hizi hutajwa kila Februari pamoja na wanaume. Uzaramo wako wapi wenzake? Walikuwako wengi, maana bila wao hapangekuwa na kijiji cha kupigania. Ila hapakuwa na padri wa kuandika majina yao wala jaji wa kuyasoma. Misheni za Kilutheri za Kisarawe na Maneromango, zilizoanzishwa na Wamisionari wa Berlin katika miaka ya 1890, ziliandika mambo yaliyowahusu wenyewe na Wakristo wao.

Vita vingine vikaja juu ya nchi ile ile baada ya miaka kumi tu. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na mapigano yakaenea kusini katika Uzaramo hata yakafika Kisangire, nchi ya Kibasila. Safari hii walioteketea zaidi walikuwa wapagazi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam katika mwaka wa 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, na hilo ni la kushukuru. Lakini aliyesimama juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki na singe, si mpagazi mwenye mzigo. Katika Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Makosa yalikuwa yale yale ya Majimaji: mbeba bunduki aliandikwa, mbeba mzigo hakuandikwa.

Kwa hiyo, ikiwa siku moja Kisarawe au Kibaha watataka kuwa na kumbukumbu yao ya vita, haitafaa kuchukua mpango wa Songea na kuuhamisha jinsi ulivyo. Mpango wa Songea unasimama juu ya kaburi na tarehe, na Uzaramo haina hivyo viwili. Ina vitu vingine. Ina misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambamo habari za hifadhi na uwindaji zingeweza kusimuliwa mahali pale pale. Ina reli. Ina Kisangire. Tena Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa Dar es Salaam katika mwaka wa 1967, kina nyumba ya Kizaramo, na kwa miaka mingi kilikuwa na desturi ya siku za makabila, ambapo watu wa kabila moja hualikwa kuonyesha ngoma, vyakula na ufundi wao. Katika siku hizo mtwangio na ungo huonyeshwa kuwa ni utamaduni. Hauonyeshwi kuwa ni historia ya vita. Ni kazi ndogo, lakini ya maana, kuviunganisha viwili hivyo, ili mtazamaji ajue kwamba ghala tupu lilikuwa silaha mikononi mwa Kapteni Wangenheim sawa na bunduki ya rashasha.

Nchi hiyo ina shule pia, na hapo pengine ndipo penye tumaini zaidi. Minaki, shule kongwe iliyoasisiwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, iko Kisarawe. Kibaha kuna sekondari na taasisi nyingine zilizotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza katika mwaka wa 1963. Na Kwa Mfipa, Kibaha, kilifunguliwa katika Februari 2022 Chuo cha Uongozi cha Mwalimu Julius Nyerere, kilichojengwa na vyama sita vilivyoongoza ukombozi wa nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Vijana wa vyama hivyo hufundishwa pale habari za ukombozi, na vyumba vyao vya masomo haviko mbali na vijiji vilivyokataa mshahara wa pamba.

Mfano wa kazi inayoweza kufanywa na wanafunzi ulikwisha kuonekana. Katika mwaka wa 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini kwao wakati wa likizo kuandika masimulizi ya Majimaji kutoka kwa wazee. Wengine kati ya wazee wale walikuwa watoto mwaka wa 1905, wachache walipigana. Kitabu kidogo cha Gwassa na Iliffe kilichotoka mwaka huo kiliwasikilizisha wasomaji sauti za Wamatumbi na Wangindo ambazo hazikuwahi kusikika nje ya vijiji vyao, na mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Wazee wale hawapo tena, wala wana wao hawapo wengi. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu, na wanachokumbuka si vita bali mabaki ya vita: jina la ukoo lililobadilishwa, shamba lililoachwa likawa pori, methali, hofu ya jambo fulani ambayo chanzo chake kimesahauliwa. Mwanahistoria mwenye haraka hudharau mabaki hayo. Lakini katika nchi isiyo na orodha ya walionyongwa, hayo ndiyo hati.

Kuna swali moja lililobaki, nalo ni la siku. Songea wana Februari, taifa lina Julai. Dawa ilipovuka Rufiji kuja Uzaramo ilikuwa Agosti, wakati wa kiangazi, ambapo watu husafisha mashamba yao na kungoja mvua za vuli, na ambapo jembe lina kazi kuliko mkuki. Mwaka ule wa 1905 wengi walisafisha mashamba wasiyopata kuyavuna. Wanafunzi wa Minaki na wa Kibaha wakipewa siku moja ya mwezi huo waende Kisangire na Maneromango, wakae na akina bibi wa vijiji vile na kuandika majina wanayotajiwa, hata kama ni majina kumi tu, orodha itakuwa imeanza.